Mama na Mashine ya Mkate

Mama yangu mzazi alikuwa hajawahi kutia kinywani chakula cha nyumbani kwangu. Nimeolewa miaka kumi na tisa, na hata uji hajanywa. Watu wakisikia hivyo hudhani tulikosana. Hatukukosana. Kwetu, mama hali kwa binti yake mpaka mkwe ajenge nyumba kule mashambani na kumkaribisha rasmi, wazee wakishuhudia. Nyumba ya kupanga haihesabiki, hata kama umeishi ndani yake mpaka watoto wako wamekuwa wakubwa. Jiko lake si jiko la kumpakulia mama mkwe.

Luseno, mume wangu, si mvivu. Ni fundi wa mabehewa ya reli, ndiyo maana tunaishi hapa Makongeni, na mikono yake haijui kupumzika. Lakini shamba la baba yake linagombaniwa na ndugu wanne, kwa hiyo kila Krismasi nyumba yetu hujengwa kwa maneno, huezekwa kwa maneno, na Januari sisi hurudi Nairobi. Mimi nina hasira za karibu, yeyote wa laini yetu ya nyumba atakwambia, na kwa jambo hili nilishazimaliza zote.

Mwezi wa sita Mama aliletwa mjini kutolewa mtoto wa jicho. Kaka yangu Wekulo alimleta kutoka Bungoma siku ya Jumapili, akasema atamjia Jumapili itakayofuata. Mama ana miaka sabini na tisa. Alipoketi kwenye kochi langu, kabla hata hajafungua leso yake ya kichwani, alisema kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, Nairobi sasa ni mbali kwake. Alilisema bila huzuni, kama mtu anayetaja siku ya soko. Mimi niliingia jikoni nikasimama nikitazama sufuria zangu zilivyojipanga, nikajua kwamba wiki ile ikipita kabla mama yangu hajala kwangu, basi hatakula kamwe.

Luseno hakuwapo. Mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, na nyumba yetu ni vyumba viwili, kwa hiyo alifunga mkoba wake akahamia kwa binamu yake kule Komarock. Alikuwa akipiga simu kila jioni.

"Mama amekula?"

"Amekula kwa Mama Kimanzi."

"Basi si ni sawa?"

"Si sawa," namwambia, kisha nakata simu.

Mama Kimanzi jina lake ni Mbinya, Mkamba, mke wa karani wa mahakama ya Makadara, na mlango wake unatazamana na wangu. Ni rafiki yangu wa miaka mingi. Wiki ile nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kwake Mama alikula muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, akala ndengu na chapati, akanywa chai mara mbili kwa siku. Nilikuwa nimekaa kwangu nasikia vijiko vikigonga sahani. Siku ya kwanza Mbinya alinipata mlangoni nimekunja uso, akacheka.

"Usininunie, Mama Millie. Si mimi niliweka hiyo sheria yenu. Ungetaka nimwache mzee wa watu na njaa?"

"Sijasema kitu."

"Na hiyo sura nayo?"

Lakini mimi nilikuwa na silaha moja ambayo wazee waliotunga ile mila hawakuwahi kuiona. Nilikuwa na mashine ya mkate. Bosi wa Luseno, injinia aliyemaliza mkataba wake, alikuwa amemwachia wakati anahama. Ilikuja bila kitabu cha maelezo, ndani ya boksi la viatu vya gamboti, na nilijifunza kuitumia kwa kuaibika. Mkate wa kwanza niliukanda kwa mikono nusu saa nzima, kama unga wa chapati, halafu ndipo nikautia ndani, kwa sababu nilidhani kazi ya mashine ni kuoka tu. Ulitoka mgumu wa kufungia mlango. Wa pili nilikuwa nafunua kifuniko kila baada ya dakika kumi, vile ninavyochungulia wali, nao ukabonyea katikati. Ilinichukua mwezi kuelewa kwamba mashine hii haitaki msaada. Unatia maji, chumvi na mafuta chini, unafunika kwa unga, unachimba kishimo juu ya unga na kumwagia hamira humo ili isiguse maji kabla ya wakati wake. Unafunga. Unabonyeza. Kwa saa tatu na dakika ishirini unakaa mbali nayo, na unaomba stima isipotee.

Mama alipasuliwa jicho Jumatatu, na Jumanne wakamfungua bandeji. Tulirudi kutoka hospitali saa tano hivi, akiwa ameshika mkono wangu, akitazama kila kitu: nguo kwenye kamba, kuku wa jirani, rangi ya milango. Tulipofika ndani alinigeuza uso kuelekea dirishani akanichunguza.

"Umezeeka, Khalayi," akasema, kwa upole kabisa.

Nilimketisha mbele ya mashine. Huwa naiweka sebuleni juu ya stuli, karibu na soketi, maana ile ya jikoni ilishakufa. Kifuniko chake kina kidirisha cha kioo, kadiri ya kiganja, na ndani kuna taa ndogo. Nilitia vitu vyote mbele yake, nikafunga, nikabonyeza. Kile kikandio kidogo kilicho chini ya chombo kikaanza kuzunguka, na unga ukaanza kujikusanya.

Mama aliinamisha kichwa kidogo, akakumbuka alivyoambiwa na daktari asiiname, akakiinua tena. Nikamwekea mto juu ya kiti ili aone vizuri.

"Nani anakanda?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, Mama. Ni stima."

"Stima inajuaje kwamba imetosha?"

Nilikuwa nimeitumia mashine ile miezi mitano na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye, nikatazama pia. Donge la unga lilikuwa likizunguka, likijipigapiga ukutani, likizidi kuwa laini. Mara mashine ikanyamaza.

"Imechoka?"

"Hapana. Inauacha unga upumzike. Baadaye itakanda tena."

"Basi ina subira kuliko wewe."

Baada ya kukanda mara ya pili ilikaa kimya muda mrefu. Nilidhani Mama amesinzia. Lakini alikuwa macho, na lile jicho lake jipya lilikuwa jekundu kidogo na limejaa maji, na hakuwa ameliondoa pale kwenye kioo. Mimi ningekuwa nimeshaenda kufua. Kwa ajili yake nilibaki, na kwa mara ya kwanza nikaona unga ukipanda. Huwezi kuuona ukisogea. Unatazama, hakuna kinachotokea, unapepesa macho, na unga umeshapita ile alama uliyoiweka akilini. Nimepika maisha yangu yote, na nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kama mtoto, naogopa hata kukohoa.

"Nilipokuwa msichana," Mama akasema polepole, "nilidhani vitu vinavyokua vyenyewe hukua usiku, ili tusivione. Mahindi, mimba, nywele. Leo nimekiona kimoja mchana."

Akaanza kunong'ona maneno ya shukrani, yale anayosema kanisani wakati wa sadaka. Harufu ilipoanza kutoka, Mbinya alikuja akasimama mlangoni na mwiko wake mkononi, akatuona tumekaa vile. Aliketi sakafuni. Wanawake watatu tulitazama mpaka mashine ikalia.

Mkate ulitoka mzima, ukaanguka juu ya kitambaa wenyewe. Ndipo nikaanza maombi yangu, ambayo nilikuwa nimeyaandaa tangu Jumapili kama wakili.

"Mama, umeona mwenyewe. Hakuna moto uliowashwa. Jikoni sikuingia. Mkono wangu haukugusa unga. Huu mkate haukupikwa kwa Luseno, umejipika wenyewe. Ukila, utakuwa umevunja nini?"

Alifikiri. Mama yangu hajibu haraka. Aliuinua mkate kwa mikono miwili, akaunusa kwa muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kutumaini. Kisha akaurudisha mezani.

"Unga ulinunuliwa na nani?"

"Na Luseno."

"Na sahani utakayonipakulia ni ya nyumba ya nani?"

Nikaiweka chini sahani niliyokuwa nimeishika.

"Mkwe wangu ni mtu mzuri," akasema. "Amehama nyumba yake ili mimi nipate mahali pa kulala. Siwezi kumkosea heshima akiwa hayupo, kwa sababu tu ya ujanja wa mashine. Siku akijenga, nitakula."

Nilitaka kumwambia kwamba hatajenga, si katika maisha yake yeye Mama. Mbinya akabeba nusu ya mkate kwenda kwake bila kuombwa, na jioni Mama hakuula hata kule, kwa sababu alijua umetoka wapi.

Alhamisi nilienda sokoni, huku upande wa Jogoo Road, kununua unga na mboga ya sukuma. Nilikawia. Niliporudi, nilimkuta Mama uani kwenye bomba, ameketi wima juu ya stuli ili asiiname, na mapajani ameweka kile chombo cha ndani cha mashine. Mkononi alikuwa na waya wa kusugulia sufuria. Karibu yake kulikuwa na kopo la mchanga.

Lazima nieleze. Kwetu mwanamke hujulikana kwa sufuria zake. Bibi harusi huangaliwa sufuria zake kabla ya kuangaliwa uso. Sufuria nyeusi ndani maana yake mwenye nyumba amelala. Mama alinifundisha kusugua kwa mchanga wa mtoni nikiwa na miaka sita, mpaka uone meno yako ndani. Na chombo cha mashine ya mkate ni cheusi ndani. Kimepakwa dawa nyeusi, laini, ambayo ndiyo inayofanya mkate usishike. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kitambaa tu, wala hakitaki hata brashi.

Alikiinua ili nione. Kilikuwa kinang'aa, cheupe, kama kimetoka dukani.

"Sasa jicho langu linaona," akasema, na alikuwa na furaha kweli. "Nimeona sufuria yako imeungua ndani, nikaona aibu kwa niaba yako. Imenisumbua, lakini imetoka yote."

Sijui ile sauti niliitoa wapi.

"Mama, umeiharibu. Umeiharibu kabisa. Nani alikutuma? Si nilikwambia ukae ndani?"

Laini nzima ikageuka. Mtu aliyekuwa akifua akasimamisha mikono. Mama aliuweka ule waya juu ya kopo, taratibu, kama unaweza kuvunjika.

"Sikujua," akasema.

Akaingia ndani. Nilipomfuata alikuwa anakunja leso zake. Aliniomba nimpigie Wekulo, na alipoongea naye alisema tu kwamba jicho limepona, aje kesho asubuhi, hakuna haja ya kungoja Jumapili.

Mbinya alinivuta pembeni. "Mama Millie, mzazi unamkemea juu ya sufuria? Mbele ya watu?"

"Najua."

"Hujui. Mimi wangu alikufa nikiwa nimemnunia. Hujui."

Sikulala vizuri. Mwanamke huyu hakula kwangu kwa heshima, hakukaa bure kwangu kwa upendo, na mimi nilimfokea kwa kitu cha kupewa. Niliona aibu.

Ijumaa niliamka saa kumi na mbili, na kitu pekee nilichokitaka ni kumwomba msamaha, na sikujua nianzie wapi, maana kwetu mtu mzima haombi msamaha kwa mama yake kwa maneno matupu. Nikakitazama kile chombo cheupe. Mama alipenda kuitazama mashine. Basi ataitazama tena kabla ya kwenda, hata kama mkate wenyewe hautafaa. Nilipaka chombo mafuta mengi, pande zote. Nilitia vitu huku machozi yananichuruzika na kamasi juu yake. Nikabonyeza.

Mama alikuwa ameshavaa nguo za safari. Aliposikia ule mlio wa kukanda alitoka chumbani, akasimama, kisha akaja akaketi kwenye kiti chake chenye mto. Nami nikaketi kwenye kigoda.

Tuliitazama zaidi ya saa moja.

"Nisamehe, Mama," nikasema hatimaye.

"Tulia," akasema. "Inaanza kupanda."

Na kweli ulipanda. Sijawahi kuona unga ukipanda vile, wala kabla wala baadaye. Ulipita ukingo wa chombo, ukajaa, ukafika kwenye kioo na kukigusa, ukaendelea kujikunja chini yake kama unatafuta pa kutokea. Mama alinishika goti. Alikuwa amefungua mdomo. Nami nikasahau sufuria, nikasahau Luseno na nyumba yake ya maneno, nikawa natazama tu, na kifua kimenijaa kitu ambacho ningekiita woga kama hakingekuwa kitamu hivyo. Maji, unga na hamira. Hakuna kingine mle ndani. Na kile kitu kilikuwa hai.

"Nani angejua," Mama akanong'ona. "Nani angejua kwamba unafanya hivi ukifungiwa."

Saa nne na nusu hivi mashine ikalia. Nikavaa vitambaa mkononi, nikatoa chombo, nikakigeuza juu ya meza. Hakuna kilichotoka. Nikakitikisa. Nikakigonga. Nikapitisha kisu pembeni, nikavuta, na mkate ukapasuka. Kipande cha juu kilibaki mkononi mwangu, na nusu nzima ya chini ikang'ang'ania mle ndani, imegandamana na chuma kilichokwaruzwa, na kile kikandio kimezama katikati yake.

Niliweka kila kitu mezani nikaketi sakafuni. Wekulo alikuwa ameshapiga simu kusema yuko karibu kufika. Nilikuwa nimechoka na kila kitu.

Mama akainuka. Akakichukua kile chombo, akaketi nacho, akakitazama ndani kwa jicho lake zima.

"Hii sufuria ilioshwa na nani?"

Nilidhani ananichokoza. "Ni wewe, Mama."

"Nikiwalea ninyi, ukoko ulikuwa wa nani?"

Nikainua kichwa. Ukoko ulikuwa wa anayeosha. Tulikuwa wasichana watano, na tulikuwa tunapigana nani aoshe sufuria ya ugali, kwa sababu kile kilichoshika chini kilikuwa chake peke yake. Hata Baba hakuthubutu kukiomba. Jirani akija kukusaidia kuosha, ukoko ni wake. Mgeni vilevile.

"Wa anayeosha," nikasema.

"Ukoko haupakuliwi," Mama akasema, kana kwamba ananifunza upya. "Hauna sahani. Hauna mwenyeji. Hakuna anayekukaribisha na hakuna unayemshukuru. Ni haki ya mkono uliosugua, basi. Hapo mila haina neno, na mkwe wangu hajakosewa."

Akanyoosha mkono. Nikampa kijiko.

Alianza kukwangua. Alikwangua kwa bidii ileile aliyosugulia, akitoa vipande vya rangi ya kahawia, akivitia kinywani kimoja kimoja, akitafuna kwa meno yake ya upande. Mbinya alikuja mlangoni kumuaga, akaona, akajishika mdomo. Hakuingia. Alibaki pale nje amesimama kama mtu aliyefika katikati ya sala.

Mama hakuharakisha. Alikizungusha kile kikandio kwa kidole mpaka kikatoka, akakila kilichokishika, akakiweka kando. Alikula mpaka kwenye kona. Nje gari la Wekulo lilipiga honi mara mbili, naye hakugeuka.

Kisha akasimamisha kijiko, akanitazama, uso wake umekunjika kidogo.

"Khalayi," akasema, "chumvi umesahau."

Nilikuwa nimesahau kweli. Nilikaa palepale sakafuni nikalia kwa sauti, na yeye akaendelea kukwangua.